Siku Saba za Ufa

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 14 Julai 1902, muda mfupi kabla ya saa nne, mnara wa kengele wa San Marco katika mji wa Venice, Italia, uliporomoka. Ulikuwa na urefu wa karibu mita 99, na simulizi za mji huo zinasema msingi wake uliwekwa miaka elfu moja hivi kabla ya hapo. Ulipotua chini, kilichobaki kilikuwa kilima cha matofali na wingu la vumbi lililofunika uwanja mzima. Hakuna mtu aliyekufa. Inasemwa kwamba aliyepoteza uhai ni paka wa mlinzi wa mnara, basi.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kwa ajili ya huyo paka. Watu hushangaa, humshukuru Mungu, kisha huendelea na shughuli zao. Ni haki kushukuru. Lakini naomba tukae na kisa hiki kidogo zaidi, kwa sababu mnara ule haukuanguka ghafla. Ulitoa ishara kwa siku saba mfululizo, mchana kweupe, katikati ya mji wenye wahandisi na viongozi waliosoma. Ishara zilionekana na zikajadiliwa, hata zikapimwa. Hata hivyo, kilichookoa watu mwishoni ni dakika zisizofika nusu saa.

Sikiandiki kisa hiki ili tuwacheke watu wa Venice. Walikosea kwa namna ambayo mimi na wewe, ndugu msomaji, tunaweza kukosea kesho asubuhi, kwenye nyumba tunazolala, makanisa na misikiti tunamosali, na roshani za ghorofani tunakosimama jioni kupunga upepo.

Tuanze na mnara wenyewe. Zamani ulikuwa mnara wa ulinzi. Venice ni mji wa mabaharia uliojengwa juu ya visiwa, na kutoka kule juu walinzi waliweza kuona merikebu zikiingia kutoka baharini. Mwezi Agosti 1609 mwanasayansi Galileo aliwapandisha wakubwa wa mji huo hadi juu ya mnara akawaonyesha darubini yake, wakaona vyombo vilivyokuwa mbali mno kwa macho matupu. Karibu na kilele palikuwa na chumba cha kengele chenye matao yaliyo wazi pande zote nne, na hapo wageni walisimama kutazama mji, maji na milima iliyo mbali upande wa kaskazini. Kengele zilikuwa tano, kila moja na kazi yake. Kubwa kuliko zote, Marangona, iliwaita mafundi kazini na kuwaambia siku imekwisha.

Mnara ulikuwa na kuta mbili, moja ndani ya nyingine. Kati ya kuta hizo ilipita njia ya mteremko iliyozunguka hadi juu. Wanasimulia kwamba mnamo 1452 mfalme Frederick III aliipanda njia hiyo akiwa juu ya farasi. Shikilia jambo hili la kuta mbili na njia katikati yake, kwa maana ndilo litakaloeleza anguko.

Mnara ulikuwa umepata misukosuko mingi. Radi iliupiga mara nyingi kwa karne nyingi, hata ukawashwa moto, mpaka ulipowekewa kinga ya radi mwaka 1776. Tetemeko la mwaka 1511 lilikuwa limeutikisa. Kila mara ulitengenezwa, ukapakwa, ukasimama tena. Hapa ndipo kosa la kwanza lilipoota mizizi, na ni kosa la moyoni kabla ya kuwa la mikononi. Watu walianza kuuona uzee wa mnara kuwa ushahidi wa nguvu zake. Umeshinda radi, umeshinda tetemeko, umewazika babu na babu wa babu zetu, uanguke leo kwa sababu gani?

Hoja hiyo tunaijua. Tunaitumia kwa nyumba ya mzee iliyojengwa zamani, kwa daraja la kijijini, kwa ngazi ya shule. Imekaa miaka yote hiyo. Lakini ukuta wa matofali hauzidi kupata nguvu kadiri unavyozeeka. Kila siku unabeba uzito uleule, na kila mvua, kila joto na kila mtikisiko huondoa kitu kidogo. Chokaa iliyoshikanisha matofali hukauka na kugeuka unga. Kila tengenezo huweka matofali mapya kando ya yale ya kale, nayo hayashikani kama yaliyojengwa pamoja. Kwa nje unaona ukuta mzuri, na ndani unaweza kuwa umeoza. Miaka mingi iliyopita inakwambia ukuta ulikuwa na nguvu kiasi gani ulipojengwa. Haikwambii umebakiwa na nguvu kiasi gani.

Sasa tufuate siku zile saba.

Chini ya mnara palikuwa na jengo dogo la marumaru linaloitwa Loggetta, kazi ya msanifu majengo Jacopo Sansovino ya karne ya 16. Paa lake liliegemea ukuta wa mnara. Mwaka 1902 mafundi waliletwa kulitengeneza paa hilo. Lilikuwa tengenezo dogo, la aina ambayo mtu hufanya bila kuita wakubwa. Ili kubadilisha boriti iliyoshikilia paa, walichimba ukuta wa mnara wenyewe karibu na chini yake, wakaacha mfereji wenye kimo cha sentimita 40 hivi na kina cha sentimita 30 hivi.

Fikiria mkono wako mpaka kwenye kiwiko. Kwa kiasi hicho waliingia ndani ya ukuta uliobeba mnara mzima. Sidhani kama mafundi wale walikuwa wazembe. Macho yao yalikuwa kwenye paa, kwa sababu paa ndilo walilotumwa kulitengeneza. Inaelekea hakuna aliyesimama akauliza swali moja: ukuta huu tunaouchimba unabeba nini?

Ishara ya kwanza ilikuja tarehe 7 Julai. Wakati boriti mpya ikigongwa iingie mahali pake, ilionekana mnara ukitetemeka. Tafakari jambo hilo. Nyundo ya fundi inagonga chini, na jengo la mita 99 linatikisika. Ukuta mzima, wenye matofali yaliyoshikana, hautikisiki kwa nyundo ya fundi mmoja. Pale pale kazi ilipaswa kusimama, watu wakashushwa, na uwanja ukafungwa. Kwa sehemu kubwa maisha yaliendelea.

Ishara ya pili ilitoka kwenye kioo. Mafundi waliweka vipande vya kioo ndani ya nyufa. Hii ni njia ya zamani na ya werevu sana, na ningependa kila mwenye nyumba aijue. Unachukua kipande chembamba cha kioo, unakikalisha kama daraja juu ya ufa, unakishika kwa saruji au chokaa pande zote mbili. Kioo hakinyumbuki. Ufa ukisogea hata kidogo sana, kisichoonekana kwa jicho, kioo kinapasuka. Kioo kikibaki kizima, ufa umelala. Kikivunjika, ufa unatembea. Kesho yake vipande kadhaa vya San Marco vilikutwa vimevunjika.

Walikuwa wameuliza swali sahihi kwa chombo sahihi, na wakapata jibu siku iliyofuata. Kilichofuata ni kuweka vipimo vingine, vya lipu, vyenye uhakika zaidi. Hapo moyo wangu huuma kila nikisoma habari hii. Kupima ni jambo jema, lakini kipimo kinaweza kuwa kichaka cha kujificha. Mtu asiyetaka kulipokea jibu huuliza swali lilelile mara ya pili. Tunafanya hivyo na afya zetu, na madeni yetu, na nyumba zetu pia.

Ishara ya tatu ilikuwa ya kuonwa na kila mtu. Kufikia Jumamosi, tarehe 12 Julai, ufa mkubwa ulikuwa umefunguka upande wa kaskazini, ukipanda karibu urefu wote wa sehemu ya matofali. Vipande vya chokaa vilikuwa vikidondoka uwanjani. Tume ya wataalamu iliundwa haraka, ikachunguza, ikatoa kauli kwamba jengo haliko hatarini. Wakati huohuo uliwekwa uzio wa mbao ili watu wasisogee karibu, na watu wakakatazwa kupanda.

Ishara ya nne ndiyo inayonifundisha kuliko zote, kwa sababu haikutoka kwenye mnara, ilitoka kwa watu. Iliamriwa kwamba kengele zisipigwe, isipokuwa ile moja ya kuanza na kumaliza kazi. Na Jumapili, bendi iliyozoea kupiga muziki uwanjani ikaambiwa isipige. Waliogopa mtikisiko wa sauti.

Ndugu zangu, ukifika mahali pa kuhofia kwamba tarumbeta inaweza kuangusha mnara, umekwisha kukiri kwamba mnara unaanguka. Kinywa kilisema hakuna hatari, huku mikono ikinyamazisha kengele. Huko ndiko kuamini nusu, na kuamini nusu kuna hatari kuliko kutoamini kabisa, kwa sababu kunampa mtu amani ya kuwa amefanya kitu. Ni sawa na mtu anayesikia harufu ya moshi chumbani, akainuka, akahamisha kiti chake, akakaa tena.

Usiku wa Jumapili ukapita. Jumatatu asubuhi vipimo vyote vya mwisho vilikutwa vimevunjika. Tangu siku iliyotangulia, palikuwa pamefunguka ufa wenye upana wa robo tatu za sentimita. Saa tatu na nusu asubuhi ikatolewa amri ya kuondoa watu uwanjani. Mawe yakaanza kudondoka baada ya robo saa hivi, na kabla ya saa nne mnara wote ukashuka.

Uchunguzi uliofuata ulieleza namna ulivyoshuka. Ile njia ya mteremko iliyokuwa kati ya kuta mbili ilivunjika kuanzia juu, sehemu ya juu ikiangukia ya chini yake, nayo ikiangukia nyingine. Ukuta wa nje ukakosa cha kuushikilia, ukabonyea kuelekea ndani. Kwa sababu hiyo mnara ulianguka karibu mahali pake wenyewe. Loggetta ilisagwa kabisa, kona ya jengo la maktaba lililo jirani ikabomoka, na kanisa la San Marco likabaki salama. Katika kengele tano, Marangona peke yake ndiyo iliyotoka nzima.

Tuseme ukweli wote: mji ule ulifanya jambo moja sahihi, nalo likaokoa watu wasiohesabika. Wale walioondoa watu saa tatu na nusu hawakungoja tume nyingine. Hawakuwa na uhakika kwamba mnara ungeanguka saa ile. Walikuwa na vioo vilivyovunjika, wakaona vinatosha. Huo ndio uamuzi wa kuigwa. Tofauti kati ya asubuhi ya mshangao na asubuhi ya misiba ilikuwa ya dakika ishirini hivi.

Jioni ya siku ileile baraza la mji lilikaa kwa dharura, likaamua mnara ujengwe upya mahali palepale na kwa umbo lilelile, likapitisha lire 500,000 kwa kuanzia. Kazi ikachukua karibu miaka kumi. Msingi uliongezwa kwa nguzo mpya za miti zaidi ya 3,000 zilizopigwa ardhini, na mnara mpya ukafunguliwa tarehe 25 Aprili 1912, sikukuu ya Mtakatifu Marko. Wahenga wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na Venice ililipia kila neno la methali hiyo. Linaloniuma ni fedha. Za kujenga upya zilipatikana kwa jioni moja. Je, si rahisi kuamini kwamba za kuchunguza ukuta kabla ya kuuchimba zingepatikana pia, kama mtu angeziomba kwa sauti?

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya kale, kabla ya saruji na kompyuta. Basi twende Pavia, mji mwingine wa Italia. Tarehe 17 Machi 1989, asubuhi kabla ya saa tatu, mnara wa kale uliosimama kando ya kanisa kuu la mji huo, wenye urefu wa mita 78 hivi, ulianguka ghafla. Watu wanne walikufa. Hapa hapakuwa na wiki ya vioo. Wataalamu waliochunguza mabaki walifikia jambo ambalo limebadilisha namna minara ya kale inavyotazamwa: ukuta unaweza kuchoka kwa kubeba uzito wake mwenyewe kwa karne nyingi. Nyufa nyembamba za wima huzidi polepole sana bila tetemeko wala radi, hadi siku moja ambayo haina tofauti na jana.

Baada ya Pavia, Serikali ya Italia iliutazama upya mnara ulioinama wa Pisa. Januari 1990 ukafungwa. Fikiria ujasiri huo: mnara mashuhuri kuliko karibu yote duniani, unaoleta wageni kila siku, unafungwa ukiwa bado umesimama. Ulibaki umefungwa hadi mwishoni mwa 2001. Wataalamu walitoa udongo kidogo kidogo chini ya upande ulioinuka, mpaka mnara ukapunguza kuinama kwake. Pisa ilikubali hasara ya miaka karibu kumi na miwili ili isipate hasara ya dakika moja.

Nasi tuna kisa chetu, na pengine tayari umekikumbuka. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883 mbele ya bandari ya Unguja, lilikuwa fahari ya pwani nzima. Lilizungukwa na baraza pana kila ghorofa, zikishikiliwa na nguzo ndefu za chuma. Baada ya mizinga ya manowari za Waingereza ya mwaka 1896 kuubomoa mnara uliokuwa mbele yake, likajengewa mnara wa saa kwenye uso wake. Vizazi na vizazi vimesimama kwenye baraza za juu kuangalia majahazi, bustani ya Forodhani na bahari. Baadaye likawa makumbusho.

Mwaka 2012 sehemu ya baraza zake ilianguka, na jumba likafungwa kwa wageni. Miaka ikapita katika mipango na kutafuta fedha. Matengenezo yalipokuwa yakiendelea, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya mbele pamoja na mnara wa saa ikaporomoka. Watu wawili walipoteza maisha. Mungu awarehemu na azitie nguvu familia zao.

Sina nia ya kumhukumu mtu. Kuhukumu si kazi ya makala kama hii. Lakini tukiyaweka majumba haya pamoja tunaona mambo mawili yanayofanana. La kwanza ni kwamba Venice na Unguja kote jengo lilianguka mafundi wakiwa wamekwisha kufika. Saa ya matengenezo ni saa ya hatari. Jengo la kale limezoea kujishikilia kwa namna yake. Ukiondoa boriti, ukichimba ukuta au ukiongeza uzito, umebadilisha mapatano ambayo huenda hujui yaliandikwaje. Ndiyo maana kutegemeza hutangulia kutengeneza, na anayejua mizigo ya jengo hutangulia anayejua nyundo.

La pili ni muda. Kati ya anguko dogo na anguko kubwa la Beit al-Ajaib palikuwa na miaka minane. San Marco palikuwa na siku saba. Muda haukutuambia kwamba hali ni shwari. Ulitupa nafasi tu, na nafasi isiyotumiwa haihesabiki kuwa usalama. Kwetu sisi wa pwani hilo lina uzito wa pekee. Hewa ya bahari ina chumvi, na mvua zetu ni kubwa. Maji yakifika kwenye chuma kilicho ndani ya zege, chuma hushika kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo, kwa hiyo huvimba na kuisukuma zege mpaka inapasuka na kubanduka. Ukiona chini ya roshani yako michirizi ya rangi ya kahawia, au kipande cha zege kimeanguka na nondo inachungulia, usiseme ni uchakavu wa kawaida. Ile nondo ndiyo inayoibeba roshani.

Basi tufanye nini? Nitataja machache, kwa sababu funzo lisilofika mikononi halimfai mtu.

Jifunze kuutazama ufa. Nyufa nyembamba za lipu zinazosambaa kama utando mara nyingi si hatari. Ufa unaopita ndani ya tofali lenyewe, ufa unaopanda ngazi kwa ngazi kufuata viungo vya matofali, ufa mrefu wa wima karibu na kona, au ufa mpana juu na mwembamba chini, hao ni wageni wa kuulizwa wametoka wapi. Chukua penseli, weka alama kwenye ncha zote mbili za ufa, andika tarehe. Pima upana wake kwa rula na uandike. Rudi baada ya wiki, kisha baada ya mwezi. Au tumia kipande cha kioo kama mafundi wa San Marco, lakini tofauti na wao, kikivunjika kubali kwamba umejibiwa.

Usipake lipu juu ya ufa kabla ya kujua sababu yake. Tunapenda sana kufanya hivi, hasa sikukuu zinapokaribia au mpangaji mpya anapokuja kuona nyumba. Kuziba ufa ni kuondoa kilichoufungua. Kuufunika kwa lipu na rangi ni kuvunja kioo kwa mkono wako mwenyewe ili kisikusumbue. Kamati nyingi za nyumba za ibada huchangisha fedha za rangi na za vipaza sauti. Hayo ni mema, lakini kamati moja ikichangisha fedha za kumwita mhandisi aukague mnara, itakuwa imefanya ibada pia.

Sikiliza ishara nyingine zisizo nyufa. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri sasa unakwama. Dirisha limepinda. Kila asubuhi kuna unga wa chokaa sakafuni mahali palepale. Usiku unasikika mlio wa kupasuka ukutani. Fundi anagonga chumba hiki na kikombe kinatikisika chumba cha tatu. Ishara moja inaweza kuwa na maelezo yake. Kosa ni kulieleza kila jambo peke yake: mtetemeko ni wa nyundo, kioo ni cha joto, chokaa ni ya uzee. Ziweke pamoja kwenye karatasi moja na uzisome kwa mfuatano.

Mpangaji naye ana haki ya kuuliza. Muulize mwenye nyumba ghorofa ile iliongezwa lini, na ni nani aliyekagua kwamba msingi unaibeba. Ukijibiwa kwa hasira, hasira nayo ni ishara. Mwenye duka anayetaka kupanua mlango asimwambie fundi aondoe nguzo kwa sababu inazuia wateja. Na fundi, ndugu yangu fundi, wewe ndiye wa kwanza kuusikia ukuta ukitetemeka. Hakuna anayelipwa kwa kusimamisha kazi, najua. Simamisha hata hivyo. Neno lako saa ile lina uzito kuliko kauli ya tume itakayokuja baada ya siku tano.

Na sisi tunaopenda kupanda juu kutazama, nami nikiwa mmoja wao, tukumbuke kwamba aliye kileleni huona mbali sana lakini haoni ukuta uliombeba. Kabla ya kupanda mnara wa kale, mnara wa taa au roshani ya ghorofa ya juu, tazama kwanza kutoka chini. Angalia kuta, angalia ukingo na vyuma vyake. Ukiona uzio, usiuruke kwa ajili ya picha. Roshani haikujengwa kwa ajili ya umati, kwa hiyo watu wakijazana siku ya harusi au ya maandamano, shuka wewe na uwashushe watoto. Utaonekana mwoga kwa dakika tano. Si kitu.

Jambo la mwisho ni mpangilio wa hatua, na ningependa kila kaya, kila shule na kila kamati iliandike mahali panapoonekana. Watu watoke kwanza, mjadala ufuate. Huko Venice walijadili kwa siku kadhaa watu wakiwa wangali uwanjani, wakawatoa dakika za mwisho. Tuugeuze mpangilio huo. Ukikosea kwa kuwatoa watu bure, utaomba radhi na kila mtu atarudi ndani. Ukikosea upande wa pili, hakuna wa kumwomba radhi. Kwa hiyo leo, kabla jua halijazama, zunguka nyumba yako mara moja ukiwa na penseli mkononi.